Mwendo wa Programu ya Thuo

Kila mwisho wa mwezi, wakulima wa chama cha ushirika walipokuwa wakingoja hesabu zao nje kwenye mabenchi, Rahab Nyaruai aliingia chumba cha kompyuta, akafunga mlango, na hakutaka kuitwa. Wenzake katika ofisi ya Kitale walishamzoea. Mgeni akiuliza, aliambiwa kwa sauti ya chini: "Mwache Madam. Yuko na mzee wake."

Mzee wake alikuwa Thuo, na Thuo hakuwako. Alipotea mwaka wa 1992, wakati wa zile ghasia za kikabila zilizochoma nyumba kuanzia miteremko ya Mlima Elgon hadi mashamba ya huku chini. Siku hiyo aliondoka ofisini asubuhi kwenda Saboti kumtoa mama yake shambani. Mama huyo, Kabura, alikuwa ameshatoka kwa njia nyingine, juu ya lori la mtu asiyemjua, wakapishana. Thuo hakuonekana tena. Hakuna aliyesema alimwona akianguka. Hakuna aliyeleta shati wala kiatu. Nyaruai na Kabura walizunguka mochari, wakazunguka vituo vya polisi, wakazunguka makanisa ambamo watu walikuwa wamelala sakafuni na mabunda yao, wakiinua blanketi moja baada ya jingine na kuomba radhi kwa kila aliyeamka. Nyaruai alikuwa ameolewa mwaka mmoja na kidogo, na mtoto alikuwa hajapata. Akabaki katikati: mjane si mjane, mke si mke.

Alichokiacha Thuo ofisini kilikuwa programu.

Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta wa chama tangu mashine ya kwanza ilipoletwa. Alikuwa amesoma Nairobi, akarudi na disketi zenye lugha iitwayo Perl, lugha ambayo mtu huiandika kama maandishi ya kawaida tu na mashine huyasoma na kuyatenda papo hapo. Kwa lugha hiyo alitunga programu ya kupiga hesabu za mahindi na maziwa ya kila mkulima, kata kwa kata. Na kwa kuwa Thuo alikuwa mtu wa maneno, mtu asiyeweza kufunga lango bila kuliaga, aliitia programu hiyo maongezi ili mkewe, aliyekuwa karani wa hesabu, asichoke kungoja.

"Habari ya kazi, Nyaruai," iliandika kwenye skrini. "Tuanze na Kiminini."

Majina ya wakulima wa Kiminini yakapita, moja chini ya jingine. Kisha: "Hawa wa Saboti ni wengi, vuta subira." Yakapita mengine. "Chai iko? Kunywa basi." Na mwisho kabisa: "Usiondoke, karibu tumalize."

Mashine ya Kitale ilikuwa kuukuu na mfumo wake wa kuiendesha ulikuwa DOS. Ilisoma kwenye diski kidogo kidogo, kama mama mzee anayeteka maji kwa kikombe. Kwa hiyo maneno ya Thuo yalikuja taratibu, na kati ya neno na neno palikuwa na kimya, kimya cha mtu anayefikiri kwanza ndipo aseme. Hicho ndicho kilichomshika Nyaruai. Barua za Thuo alikuwa nazo, picha alikuwa nazo, na vyote vilikuwa vimeshakufa mikononi mwake. Programu ilikuwa na mwendo wa Thuo mwenyewe. Wakati mwingine alijikuta anaijibu. "Chai iko," alisema mara moja, akasikia sauti yake chumbani, nywele zikamsimama. Hata hivyo, mwezi uliofuata aliijibu tena.

Mwaka wa 1997 chama kikaamua kununua mashine mpya kwa ofisi zote mbili, ya Kitale na ya Bungoma. Meneja akamwita Nyaruai.

"Programu tutabaki nayo, inafanya kazi," alisema. "Lakini huko Bungoma kijana wetu Walubengo ananiambia programu ni moja, mwendo ni tofauti, kulingana na mfumo ulio ndani ya mashine. Nenda mpime pamoja. Mkiniletea jibu, hiyo ndiyo tutanunua."

Nyaruai akaitikia, lakini njia nzima, tangu Kiminini hadi Kamukuywa, moyo wake ulikuwa na jambo jingine. Jibu lingetoka kwake. Akisema DOS inatosha, nani angebisha? Mfumo ungebaki ule ule, na chumba chake kingebaki chumba chake.

Walubengo, aliyeitwa kijana na meneja, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Zamani alikuwa fundi wa simu za reli, hapo hapo Bungoma stesheni. Alimpokea Nyaruai kwa chai na ndizi za kuchemsha, akamwonyesha mashine mpya juu ya meza. Diski yake alikuwa ameigawa mara tatu. Ukiiwasha ilikuuliza unataka kuingia wapi: DOS, Windows 95, au mfumo mgeni uitwao Linux, ambao Walubengo alipewa kwa diski ya kung'aa na rafiki yake wa Nairobi.

"Mashine ni moja, madam. Programu ni moja. Wakurima ni ware ware," alisema, kwa lafudhi yake ya kugeuza l kuwa r. "Ni mwenye nyumba tu tunabadirisha. Sasa tuone nani anakimbia."

Alikuwa na utaratibu wake. Kila mfumo programu ingeendeshwa mara kadhaa, na mara ya kwanza haingehesabiwa, kwa sababu mfumo mwingine ukishasoma kitu mara moja hukiweka kichwani na haurudi tena kwenye diski. Alikuwa na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, akaivua na kuiweka mezani.

Aliifungua programu ya Thuo ili aitazame, akakunja uso.

"Madam, haya maneno ya kusarimia yanatuharibia kipimo. Na haya majina yote. Kira mstari unaoandikwa kwa skrini unakura wakati. Si tuyazime kwanza?"

"Hayazimwi," Nyaruai alisema.

Walubengo akamtazama juu ya miwani. Akaiacha programu ilivyo.

Wakaanza na DOS. Mashine ilikuwa mpya na yenye nguvu, kwa hiyo maneno yalikuja mbio kuliko Kitale. Nyaruai aliyaona yakitokea na kusukumwa juu na majina: habari ya kazi, vuta subira, kunywa basi. Ilikuwa sauti ya Thuo, ila Thuo mwenye haraka, Thuo anayeongea huku ameshika kitasa cha mlango. Hivyo ndivyo alivyoongea siku ile. Nyaruai akageuza uso.

Wakahamia Windows 95. Huku programu iliendeshwa ndani ya kidirisha kidogo, na skrini ilijikokota. Mstari ulitokea, ukakwama, ukaruka, ukakwama tena. "Usiondoke," iliandika, ikanyamaza. Nyaruai akashika ukingo wa meza. "Karibu tumalize," ikasema, baada ya kimya kirefu ambacho hakikuwa cha Thuo wala cha mtu yeyote aliye mzima.

"Hii ndiyo porepore kabisa," Walubengo alisema, akiandika. "Na si programu, ni kurichora dirisha."

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Linux. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe. Walubengo akamwachia kiti. "Bonyeza wewe."

Nyaruai akabonyeza. Majina yalipita kama maji ya mfereji uliopasuka, hakuna jicho lingeyashika. Kabla hajavuta pumzi ya pili yalikuwa yameisha, na chini kabisa ya skrini ikabaki mistari michache imetulia, ikimtazama. Akaisoma. Haikuwa ile aliyoijua.

"Kumbe wamekununulia mashine ya maana!" ilisema. "Hapa hakuna kungoja. Nenda nyumbani, Nyaruai. Nitakukuta huko."

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Nani ameandika hii?"

"Nini, madam?"

"Hii! Wewe umeandika. Ulifungua programu jana. Ati umeona ni mchezo? Mtu amepotea miaka mitano na wewe unamtania mke wake?"

Walubengo alisoma mistari ile, akaisoma tena. Alikuwa hajui habari za Thuo, hakuna aliyemwambia. Alifungua faili na kumwonyesha tarehe: mwaka wa 1991, haijaguswa tangu hapo. Akamwonyesha na pahali penyewe. Programu ilianza kwa kuichungulia mashine: je, wewe ni DOS? Ikiwa ndiyo, ilishika maongezi yale ya kila mwezi. Ikiwa siyo, ilishika njia nyingine, na njia hiyo haikuwa imewahi kupitiwa, kwa sababu Kitale hapakuwa na mashine ya kuipitia. Windows 95, kwa ndani, ilijibu kama DOS. Linux ilikuwa ya kwanza kujibu hapana.

"Arikuwa anatarajia siku moja mtapata mashine nzuri," Walubengo alisema. "Arikuwa anakutania, madam. Ati kazi itaisha mapema, utangurie nyumbani. Pore sana. Pore, dada yangu."

Nyaruai alielewa kila neno. Ila kuelewa hakukusaidia. Alichukua mkoba wake akatoka, na baiskeli ya kwanza iliyokuwa ikingoja abiria ikampeleka stendi.

Alifika Kitale jua likiwa bado juu. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Section Six, chumba na sebule, ile ile waliyopanga na Thuo. Hakuwahi kuhama, maana aliyepotea akirudi atatafuta wapi? Alisimama mbele ya mlango. Kufuli lilikuwa mahali pake. Alipoliona limefungwa ndipo akajua kwamba njia nzima alikuwa ametarajia kulikuta wazi. Akatoa ufunguo. Akautia. Kisha akasikia, au akadhani amesikia, ndani ya nyumba kiti kikivutwa kwenye sakafu ya saruji.

Hakufungua. Lililomtisha halikuwa kwamba yumo mtu ndani. Lililomtisha ni kwamba angefungua na asimkute.

Jirani alimkuta ameketi kwenye kizingiti, ufunguo ungali kwenye kufuli, akamuuliza kama ni mgonjwa. Nyaruai akasema la, akauchomoa ufunguo, akatembea kwa miguu hadi Matisi kwa mama mkwe wake.

Kabura alikuwa amepanga chumba cha mabati huko tangu ghasia, pamoja na wengine waliotoka mlimani. Alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Wawili hawa walikuwa hawajaketi pamoja vizuri kwa muda mrefu. Kabura alitaka ibada ya kumkumbuka Thuo ifanywe, Nyaruai alikataa kila mara, na mara ya mwisho alimwambia mama mkwe neno ambalo halikutakiwa kusemwa: kwamba mama huyu ana haraka ya kumzika aliyekwenda kumtafuta yeye.

"Umekonda," Kabura alisema. "Ingia."

Nyaruai akaingia, akamwambia yote. Mashine, mistari, mlango. Kabura hakujua kompyuta ni nini hasa, lakini alisikiliza mpaka mwisho, mkono ndani ya ungo.

"Kwa hivyo amekuambia uende nyumbani," alisema.

"Ameandika zamani, Mama. Ilikuwa mzaha."

"Najua ni mzaha. Thuo alikuwa mzaha tangu tumboni." Akautoa mkono kwenye ungo. "Unajua mimi silali na komeo? Tangu siku ile. Wezi wameingia hapa mara mbili, wakachukua sufuria, wakachukua blanketi. Majirani wananiambia, Cucu, bibi yetu, funga mlango. Ninawaambia komeo limeharibika. Halijaharibika."

Nyaruai akautazama mlango. Komeo lilining'inia pale, zima, lina kutu ya kutotumiwa.

"Nilifikiri ni mimi pekee," alisema.

"Na mimi nilifikiri ni mimi. Ndiyo maana nilitaka ibada, mwanangu. Si kumzika. Nimechoka kusikiliza peke yangu."

Nyaruai alilia siku hiyo kama ambavyo hakuwahi kulia tangu 1992. Kabura hakumnyamazisha. Alimalizia maharagwe yake, akayabandika jikoni, akaja kuketi karibu naye.

Jumatatu Nyaruai alirudi Bungoma. Walubengo alipomwona akaanza kumpa pole nyingi, Nyaruai akamkatiza.

"Fungua programu. Nataka kuisoma yote."

Miaka yote alikuwa ameiendesha bila kuifungua, kwa woga ule wa mtu asiyetaka kuona upande wa nyuma wa kitambaa. Sasa aliisoma mstari kwa mstari, Walubengo akimweleza asichokielewa. Sehemu kubwa ilikuwa hesabu tu: kilo, lita, gawanya, jumlisha. Palikuwa na makosa mawili matatu ambayo Thuo alikuwa ameyafunika kwa ujanja, na Nyaruai akatabasamu, maana ndivyo alivyokuwa akitengeneza na bomba la jikoni. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Yalikaa katikati ya hesabu, yakingoja zamu yao. Hapakuwa na mengine. Alifika mwisho akajua kwamba ameyasoma yote ambayo Thuo angewahi kumwambia.

"Ukitaka mashine iruke mstari bila kuufuta, unafanyaje?" aliuliza.

"Unatia arama hii mwanzoni." Walubengo akamwonyesha ile alama ya mistari minne iliyokatana kama chaga za kitanda. "Maandishi yanabaki. Mashine inayapita tu, haiyasemi."

Nyaruai aliitia mwenyewe. Mbele ya habari ya kazi, mbele ya vuta subira, mbele ya kunywa basi. Mbele ya usiondoke mkono ulisita, kisha ukaitia. Mwishoni akaitia mbele ya ile mistari mipya, na mbele ya ule uliokuwa ukiandika majina ya wakulima.

Wakapima tena mifumo yote mitatu, na matokeo yakawashangaza wote wawili. Pengo lililokuwa kubwa lilinywea. Linux ilibaki mbele, lakini si kwa mbali kama awali. DOS, iliyoonekana kukokota mguu, ilifuata karibu sana, na hata hapo iliyoirudisha nyuma ni kule kwenda na kurudi kwenye diski. Windows 95 ilikuwa ya mwisho, na bado ilikuwa imejitahidi. Hesabu yenyewe ilikuwa inachukua muda mfupi tu. Wakati mwingi uliokuwa ukipotea, Kitale na Bungoma, ulikuwa umekwenda kwenye kuandika maneno kwenye skrini.

"Kwa hivyo hata ire mashine yenu ya Kitare haikuwa mbaya vire," Walubengo alisema. "Irikuwa inaongea sana, bas."

Nyaruai akacheka. Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipunguza mwendo kuingia stesheni, madirisha yakatetemeka.

Taarifa aliyompelekea meneja ilikuwa ya kweli. Alieleza kwamba Linux ndiyo yenye kasi na haidai kurudi diski kila mara. Kwamba DOS ingetosha kwa hesabu hii lakini si kwa wakulima watakaoongezeka. Na kwamba anayetaka kulinganisha mifumo lazima kwanza anyamazishe skrini, la sivyo atapima maneno akidhani anapima kazi. Meneja alisoma mstari wa kwanza tu, akatia sahihi.

Mashine mpya zilifika kabla ya Krismasi. Walubengo alikuja kuzifunga, akamuuliza kama atoe zile alama. Nyaruai akamwambia aziache. Kwa hiyo maneno ya Thuo yako humo, na kila mwisho wa mwezi mashine inayafikia, inayapita, na kuendelea. Nyaruai alipomaliza kazi mara ya kwanza kwa mfumo mpya, chai yake ilikuwa bado ya moto, wala mlango hakuwa ameufunga. Alikaa hapo hivyo hivyo, mikono juu ya meza. Kimya cha chumba hakikuwa na mwenyewe tena, na aliona kinatisha kuliko kile cha kwanza.

Mwezi wa Januari, Jumamosi moja, yeye na Kabura walipanda Saboti pamoja na mchungaji wa Matisi. Kabura hakuwa amekanyaga huko tangu atolewe. Shamba lilikuwa limelimwa tayari kwa mvua, udongo mwekundu umegeuzwa vizuri, na pale penye nyumba palikuwa na msingi wa mawe tu na mbuzi amefungwa. Mzee mmoja akatoka kwenye nyumba mpya ya udongo chini ya mteremko, akajitambulisha kuwa Kemboi.

"Mimi ni mpangaji tu," alisema, kabla hajaulizwa. "Nilikuja tisini na tano. Nilikuta hivi hivi."

"Hatukuja kwa sababu ya shamba," Kabura alimjibu. "Tumekuja kuomba."

Mzee Kemboi akavua kofia, akamfukuza mbwa wake, akasimama kando. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kisha akamwambia Nyaruai aseme neno, naye akasema kwamba mumewe alikuwa mtu wa maongezi, aliongea na malango, aliongea na mashine, na kama angekuwa hapa asingempa mchungaji nafasi. Mchungaji akacheka. Kabura hakucheka. Alikuwa amegeukia mlima, pale ambapo njia ya zamani iliingia kwenye miti.

"Mama," Nyaruai alimuuliza polepole, "unafikiri aliteseka?"

"Sijui, mwanangu."

Halafu Kabura akaweka viganja mdomoni, akaita jina la mwanawe kwa sauti ndefu, vile mama anavyomwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali na chakula kimeiva. Sauti ikapanda mteremko, ikaingia mitini, ikapotea. Mbuzi akaacha kula. Na wote wanne wakabaki wamesimama wakisikiliza, hata Mzee Kemboi, ambaye hakuwahi kumjua.